Kilo Kumi Nilizomwongezea Baba Mkwe

Mizani ilisimama kwenye kumi na mbili, nami nikaona nimetukanwa. Nilikishusha kitunga, kikapu cha mihogo kutoka kwa mama mkwe, nikaipangusa ndoano, nikakipandisha tena. Kumi na mbili. Mke wangu, aliyekuwa akipanga sabuni kwenye rafu za duka letu, aligeuka.

"Balansi imeharibika?"

"Balansi iko muzima," nilimjibu. "Mama yako njo iko nanichezea."

Aliacha sabuni, akaja kusimama mbele yangu mikono kiunoni. Kilichomshtua hakikuwa kumi na mbili. Kilichomshtua ni kwamba nilikuwa nimepima. "Kitunga ya mukono habapimake!" alisema. "Banaitundikaka tu. Nani alikufundisha ile?"

Hakuna aliyenifundisha, hiyo ndiyo tabia yangu. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, na kabla ya kufika Ntoto nilikaa Rubaya miaka minne nikipima mizigo ya madini iliyoteremka mlimani migongoni mwa watu. Kule kila mtu ana uzito wake. Aliyechimba ana wake, aliyebeba ana wake, anayenunua ana wake, na wote wanaapa kwa Mungu. Nilijifunza kuamini ndoano peke yake. Nilipofungua duka Ntoto, la chumvi, sabuni, misumari na betri, nilikuja na mizani yangu na ubishi wangu, na sikuona sababu ya kuacha hata kimoja mlangoni.

Ndoa yetu ilikuwa imebarikiwa kanisani, mbuzi walikuwa wameshapelekwa, mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa. Lakini kwa watu wa mke wangu, wakulima na wawindaji wa msitu, nilikuwa bado nusu mkwe. Ukoo wao una jambo ambalo kwetu halipo: mkwe humchongea baba mkwe upinde kwa mikono yake mwenyewe, na baba mkwe huuvuta mbele ya wanaume wa windo. Na baba mkwe wangu hakuwa mwindaji hivi hivi. Yeye ndiye aliyekuwa anafungua windo. Hakuna aliyeachia mshale kabla ya wake. Mwenye nafasi hiyo akishindwa kuvuta upinde wake mbele ya wale wanaume, hafungui tena. Anabaki nyumbani pamoja na wanaongoja nyama. Kwa hiyo nafasi ya mzee ilikuwa juu ya ule mti niliokuwa nachonga, na hilo nililijua vizuri kabisa. Mtu asije akanitetea kwamba sikuambiwa.

Wala usifikiri upinde ni mchezo wa zamani. Siku hizi bunduki ikilia msituni, wenye silaha wa kila upande wanakuja kuuliza ni ya nani. Upinde haumwiti mtu.

Baba mkwe mwenyewe alinionyesha mti, akanisimamia nikiupasua kwa kabari, na kile kipande kikakaa miezi juu ya jiko la mama mkwe kikikaushwa na moshi. Alinionyesha mgongo wa upinde, yaani upande unaomtazama mnyama, ambao kisu hakiugusi kamwe. Akanionyesha tumbo, upande unaomtazama mpigaji, ambako ndiko kazi yote inakofanyika. "Kisu inakulaka, haitapikake," aliniambia. Ukikwangua kupita kiasi, hakuna wa kukurudishia mti. Baada ya hapo aliniacha peke yangu, kwa sababu mwenye upinde haruhusiwi kuuona ukipimwa.

Sasa uzito wake utajulikanaje? Hapo ndipo kitunga kinapoingia. Mwanaume hawezi kutamka kwa kinywa chake mkono wake unavuta kiasi gani. Basi mke wake anajaza mihogo kwenye kitunga, anakifunga kwa kamba ya mgomba, anakileta kwa mkwe bila neno. Mkwe anaulaza upinde juu ya panda ya nguzo, anakitundika kitunga kwenye kamba ya upinde, kisha anakwangua tumbo kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka kitunga kiteremke hadi alama ya mkaa aliyoichora kwenye nguzo kwa urefu wa mshale. Siku hiyo upinde umeiva. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini kuuliza uzito wa kitunga kile ni matusi.

Mimi sikuuliza. Nilipima.

Nilivyofikiri siku ile, bado nikikumbuka najishangaa. Mke wangu alikuwa ameniletea upinde wa zamani wa baba yake ili nichukue urefu. Bila shaka nilikuwa nimeutia ndoano na kuuvuta urefu mzima wa mshale: kilo ishirini na mbili, na mishipa ya shingo ilinitoka. Halafu wananiletea kumi na mbili! Nikajiambia, wamekaa wakasema huyu ni mtu wa duka, ana mikono ya sabuni, upinde wa kweli ataupasua. Tumpe kipimo cha mtoto asiaibike. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Na nikajipa sababu nzuri zaidi, kama mwenye hasira anavyojipa: mzee akisimama mbele ya wanaume na kijiti cha kufukuzia kuku, watamcheka, na aibu itakuwa imetoka dukani kwangu.

"Mama hakoseake," mke wangu alisema.

"Mara hii amekosea."

Alipokwenda shambani, nilifungua ile kamba ya mgomba. Nilipanga pakiti kumi za chumvi chini ya mihogo, pakiti za kilo moja moja, nikafunga fundo lile lile. Nikapima. Ishirini na mbili, bila gramu ya ziada. Nilijisikia mtu mwadilifu.

Kazi ilichukua wiki tatu, na sitasema uongo, zilikuwa wiki nzuri. Asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nyuma ya duka, ninatundika kitunga, narudi nyuma hatua tano, naangalia. Bawa la chini, yaani nusu ya chini ya upinde, lilipinda kwa utii. Bawa la juu lilikuwa na mahali pamoja, upana wa viganja viwili, palipokataa kabisa. Pale palibaki pamenyooka wakati kwingine kote kunapinda. Ukiona hivyo huendi na panga. Unachukua kipande cha chupa, unakwangua pale pale panapokataa mpaka unga mwembamba ukuangukie miguuni, kisha unauvuta polepole mara thelathini ili mti uzoee. Unatundika tena, unarudi nyuma tena. Siku nyingine nilikwangua mara mbili tu nikaacha kwa woga. Nilijifunza kuona unene kwa kidole gumba. Mimi niliyekuwa naamini ndoano peke yake!

Alasiri moja kitunga kiliteremka taratibu, mabawa yote mawili yakapinda sawasawa, na kitako cha kitunga kikagusa alama ya mkaa. Nilikaa chini kwenye maranda. Machozi yalinitoka kidogo, nalisema wazi. Nilikuwa nimemtengenezea mzee upinde wake mwenyewe, ule wa enzi zake, mpya.

Jumapili baada ya misa walikusanyika uwanjani kwa baba mkwe. Wanaume wa windo walikuwa kama kumi na watano, wamekaa mduara. Wanawake walikuwa upande wa jiko, maana hawaingii kwenye mduara ule. Mzee alikuwa bado na shati lake la kanisani. Alipokea upinde kwa mikono miwili, akaupitishia kiganja tumboni, polepole, kutoka ncha hadi ncha, akafumba macho.

"Imepinda muzuri," alisema. "Mukwe iko na macho."

Wanaume wakaguna kwa kukubali. Mimi nilivimba kama andazi.

Akaweka mshale. Akavuta. Kamba ilikuja vizuri kiasi cha shubiri mbili, ikafika nusu ya mshale, ikasimama. Nilidhani anatutania. Hata wanaume wawili watatu walicheka, wakidhani hivyo hivyo. Akashusha pumzi, akavuta tena, na safari hii niliona bega lake la kulia likipanda lenyewe hadi sikioni, mkono ukitetemeka kuanzia kwapa, na kinywa kikafunguka bila sauti. Kamba haikusogea hata upana wa kidole.

Niliganda. Mambo ambayo nilikuwa nimeyaona miezi na miezi bila kuyaona yalinijia yote kwa mkupuo: mzee akipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, mzee akibeba shoka bega la kushoto, mama mkwe, mwanamke wa umri ule, akipasua kuni mwenyewe huku mume yuko nyumbani. Nilikuwa nimekaa mezani na mtu yule mara ngapi? Na mizani ilikuwa imeniambia! Iliniambia mara mbili, nikaikatalia mimi, mimi ambaye siku zote nilijisifu kwamba siikatalii.

Mzee hakuiachia kamba. Mwindaji haachii kamba ovyo. Aliirudisha pole pole mpaka ikalegea, akasimama na upinde umeelekea chini. Wanaume walitazama miguu yao, isipokuwa mmoja, mkubwa wao baada ya mzee, ambaye alimtazama mwenzake wa pembeni kwa namna ya mtu anayeanza kuhesabu nani atafuata.

Ndipo mama mkwe alipoingia kwenye mduara.

Sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama mtu amepanda altareni katikati ya misa. Mke wangu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama alifika katikati, akapiga goti moja mbele ya wanaume wale, wengine aliokuwa amewatawadha wakiwa watoto.

"Banaume, munisamehe," alisema. "Ile upinde haiko ya muntu. Ni mimi. Nilikuwa na bitunga mbili mu nyumba, moja ya mukono, moja ya kupeleka ku soko. Nilichanganya. Nilimupelekea mukwe ile ya soko."

Kisha yule mkubwa wao akapiga makofi kwa mshangao.

"Mama! Myaka yote hii mu nyumba, na haujue kitunga ya mukono wa bwana yako?"

"Macho imezeeka," alisema, akiangalia chini.

Kicheko kilipasuka pande zote. Kilikuwa kicheko cha watu walioondolewa mzigo, na kilikuwa kikali vile vile. Upande wa jiko wanawake walikuwa hawacheki, walikuwa wanatazamana. Mke kuchanganya kitunga cha mkono na kitunga cha soko! Ni sawa na kukosea jina la mtoto wako kwenye ubatizo. Wanaume wakaamua hapo hapo: upinde haukuwa wa mzee, kwa hiyo mkono wa mzee haukushindwa. Kitunga kiletwe upya, mkwe aurudie, baada ya majuma mawili tukutane tena.

Mimi nilibaki kinywa wazi. Nilijua kwamba kitunga kilikuwa kimoja. Mama alipopita karibu yangu akirudi jikoni, alisema bila kugeuza kichwa: "Ufunge ile kinywa, mukwe. Inzi itaingia."

Kesho yake nilikwenda kwao kuungama. Nilikuwa nimejipanga njia nzima: nitasema kwao, kisha nitakwenda kwa wale wanaume mmoja mmoja, nitasema kosa ni langu, nao wanicheke mimi. Niliwakuta wawili tu, mzee kwenye kiti chake, mama akimenya maharagwe mabichi.

"Papa," nilisema, "Mama hakuchanganya kitu. Mimi njo nilifungua kitunga, nikaongeza chumvi."

"Minajua," alisema mzee.

"Nitaenda kusema mbele ya banaume."

Mama aliendelea na maharagwe yake. "Utasema nini? Bataku-uliza uliongeza ngapi. Kiisha bataku-uliza, mbele ya kuongeza, ilikuwa ngapi. Utabajibu nini, weye muntu wa balansi?"

Kamba ikishavutwa hadi shavuni, hakuna jicho linaloweza kuona ni kilo ngapi zimevutwa. Ndiyo kazi ya kitunga, na ndiyo sababu hakipimwi. Mimi nikisema ukweli tu, namba ya mzee wa watu itajulikana kijiji kizima.

"Basi Mama abebe aibu yangu?"

"Nimesha ibeba," alisema. "Haiko nzito."

Mzee alikuwa akimtazama mkewe. Alisugua bega lake la kulia kwa kiganja cha kushoto, mara ya kwanza mbele yangu.

"Mukwe," alisema, "nikuambie kitu. Mama alijaza ile kitunga mingi sana. Hakutaka kuamini. Mimi njo niliikamata, nikaitundika ku mukono yangu, hapa ku mulango. Ilinishinda. Nikatosha muhogo moja, nikaiweka chini. Nikatundika tena, ikanishinda. Nikatosha ingine. Kila mara ninatosha, Mama anaangalia inje." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Sijaonyeshaka muntu. Batoto yangu habajue. Nilikuonyesha weye, juu upinde ni ya kwako kutengeneza."

Jana uwanjani nilidhani nimeshtuka. Sikuwa nimeshtuka bado. Nilikuwa nimekaa dukani kwangu nikiwaza kwamba wananidharau, mgeni, mtu wa sabuni, na kumbe mzee yule alikuwa amenipa siri ambayo hakuwapa hata watoto aliowazaa, amenifungia kwa kamba ya mgomba na kuniletea mlangoni, na mimi nikamsahihisha. Nilitaka kuanguka miguuni pake. Alinizuia kwa mkono, ule wa kushoto, akaniambia nikale.

Juma lile lile mama mkwe alibeba kitunga mara ya pili, mchana kweupe, kwa barabara ya katikati ya kijiji, kama desturi inavyotaka. Nilimsikia akija kabla sijamwona, kwa sababu ya wanawake waliokuwa kisimani.

"Mama, leo ni ya mukono, ao ni maharagi ya soko ya Sake?"

"Angalia muzuri, isikuwe kitunga ya jirani!"

Alikuwa akiwajibu kwa kicheko. Alikiweka mbele ya duka bila neno, akarudi. Nilikitundika bila kukipima. Kupunguza upinde, tofauti na kuongeza, kunawezekana. Huo ndio uliokuwa wokovu wangu. Nilikwangua siku kumi. Mti mzuri ule, niliouheshimu kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, niliumaliza unga kwa unga, na sikuonea huruma hata kipande kimoja.

Jumapili ile mzee alivuta mpaka shavuni. Alishika pale, akahesabu pumzi mbili, akaachia, na mshale ukaingia kwenye gogo la mgomba hadi nusu. Wanaume walipiga kelele. Yule mkubwa wao alikuja kunishika mkono, akaniita mtoto wa nyumba. Windo lilifunguliwa na yule yule aliyelifungua siku zote, na jioni yake nililetewa paja la swala limefungwa kwenye majani, fungu la mkwe kamili. Mke wangu alilipika. Nilisukuma sahani, akadhani naumwa.

Ni misimu miwili sasa. Mzee bado anafungua. Lakini zamani binti akiolewa pale kijijini, mama yake alimpeleka kwa mama mkwe wangu afundishwe kujaza kitunga cha mkono, kwa sababu hapakuwa na mwanamke aliyekijua kuliko yeye. Siku hizi wanawapeleka kwa mwingine. Hakuna aliyetangaza. Wameacha tu kuja.

Juma lililopita duka lilikuwa limejaa, watu wamepanga mstari wakingoja nipime maharagwe yao. Mama mmoja kijana alinipa kitunga chake, akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kuchekesha: "Mupime muzuri, Papa, isikuwe mukono wa bwana yangu!" Wote wakaangua kicheko. Hakuwa amemwona mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na chupa yake ya mafuta ya taa. Mimi nilimwona. Kitunga kilikuwa mkononi mwangu, na maneno yalikuwa yameshanifika menoni, yote, chumvi na kumi na mbili na kila kitu.

Yeye alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa sauti kuliko wote, mpaka wale wa mbele wakageuka, wakamwona, wakanyamaza kwa haya. Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge chake, akanitazama.

"Pimia bantu, mukwe," alisema. "Banangoja."

Nikapima.